Nimetoka kupandikiza nywele Istanbul, kichwa kinawasha na maji ya nyumbani ni ya chumvi. Msaada wakuu

Paji Refu
Wakuu habari za wikendi.

Kwetu upara ni wa ukoo, mwanaume akifika miaka 25 paji la uso limeshaanza kupanda. Nimejichanga, nikaenda Istanbul, wamechomoa vipandikizi kimoja kimoja kisogoni na kuvipanda mbele. Nimerudi Dar, wiki ya kwanza bado haijaisha.

Kliniki walinipa povu la kulainisha, shampuu, antibiotiki na karatasi ya maelekezo. Karatasi yenyewe haijui Mbagala. Magamba yamejaa mbele na yanawasha balaa, hasa usiku umeme ukikatika na feni ikazima. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi, hata sabuni haitoi povu. Bi mkubwa ameshaandaa mafuta ya nazi na habasoda, anaona nadharau. Kazini naenda kwa boda. Na kingine, nikiinama kusujudu naona kama damu yote inakuja usoni, na macho yalishavimba tangu juzi.

Nifanyeje?

Chai ya Rangi
Picha mkuu. Bila picha hii ni chai.

Sista wa Wodi
Pole kaka. Mimi ni nesi, kliniki ya ngozi ndiyo nimekaa zaidi. Nianze na kuwasha, maana hapo ndipo watu wanapoharibu kazi ya dola. Kipandikizi kinashikana na gamba lake. Siku tano za mwanzo ukibandua gamba lililoshika unang'oa na nywele. Hatari inapungua kila siku, mpaka kwenye siku ya 9 au 10 vinakuwa vimeshika. Kwa hiyo wewe bado. Usikune, usibandue hata lile linaloning'inia. Kata kucha, na kama unajikuna usingizini vaa soksi safi mikononi, acha wakucheke.

Kuosha ni lazima, uchafu na jasho vikikaa ndiyo kuwasha kunazidi. Paka povu lako, liache muda waliokuambia, kisha mwagia maji ya vuguvugu kwa kikombe, taratibu. Bomba la mvua lenye nguvu hapana. Shampuu ipige povu mkononi kwanza, halafu gusagusa kwa ncha za vidole bila kusugua. Kausha kwa kugandamiza kitambaa safi kisogoni tu, mbele pajikaukie penyewe. Maji ya chumvi yanakausha ngozi, na ya kisima huwezi kujua usafi wake. Kwa hizi wiki mbili tumia ya kununua, ukikosa chemsha ya kisima yapoe, ingawa kuchemsha hakuondoi chumvi. Kuosha mara moja hakumalizi hata lita tatu. Wakikuruhusu kusugua, baada ya hiyo siku ya 10, lainisha magamba kwa povu na uzungushe vidole polepole. Mengi yatatoka ndani ya wiki mbili.

Bi mkubwa mwambie mafuta yake yana zamu, ila si sasa. Kidonda kibichi hakitaki nazi, habasoda, mwarobaini wala maji ya kitunguu. Na zile krimu za duka la dawa za "fangasi na vipele vyote" usiziguse, nyingi zina steroidi ndani, dawa inayopunguza kinga ya ngozi.

Uvimbe wa macho ni maji yaliyochomwa kichwani yanashuka. Lala umeinua kichwa kwa mito, barafu weka kwenye paji chini ya mstari wa nywele, kamwe si juu ya vipandikizi. Maumivu panadol, aspirini hapana mpaka daktari wako aseme. Sigara acha, inabana mishipa ya damu.

Jambo moja karatasi za Wazungu hazisemi: wanaandika "angalia wekundu", kwetu wekundu hauonekani. Wewe angalia joto, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, usaha, harufu, homa, au sehemu inayogeuka nyeusi tii. Hapo nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri Istanbul wajibu WhatsApp.

Kijana wa Madrasa
Kuhusu sijida: anayedhurika kwa kuinama ameruhusiwa kuswali kwa ishara, ishara ya sijida iwe chini kuliko ya rukuu. Kwenye udhu, kama maji yanadhuru kidonda kuna kupangusa na kuna kutayamamu, madhehebu yanatofautiana, muulize ustadhi wako. Kofia ya kubana iache kwanza.

Boda Kijiweni
Helmeti ya abiria wanaivaa watu wote mtaa mzima, mkuu. Mapunye nje nje. Panda daladala mwezi huu, kaa mbali na dirisha.

Paji Refu
Asanteni sana, soksi nimezicheka ila nitavaa. Sista, nimeambiwa zitadondoka tena. Kweli?

Sista wa Wodi
Kweli, na watu hulia. Kati ya wiki ya 2 na ya 8 nyingi zinadondoka, shina linabaki ndani limepumzika. Kuota upya ni kuanzia mwezi wa 3 au wa 4, na hesabu mwaka mzima kabla hujahukumu. Zikianza kutoboa unaweza kupata vipele, hasa sisi wenye nywele za kujikunja. Usivikamue.

Kinyozi: mashine kisogoni subiri mwezi, mbele mkasi tu baada ya miezi mitatu, wembe sahau. Bahari na bwawa pia mwezi.

Nikuulize, kovu lako la chanjo begani likoje?

Paji Refu
Limevimba kama karanga, tangu utotoni. Kwani lina uhusiano?

Sista wa Wodi
Hiyo inaweza kuwa keloidi, yaani kovu linaloota na kupita mipaka ya kidonda chenyewe, na walipaswa kukuuliza kabla. Usiogope, si lazima itokee kichwani. Ila mwombe mtu akupige picha ya kisogo kila wiki, mwanga uleule. Ukiona vitundu vinanyanyuka na kuwa vigumu baada ya kupona, mapema kabisa muone daktari wa ngozi, Muhimbili wapo, na kama una ndugu Moshi, hospitali ya KCMC kuna kituo kizima cha magonjwa ya ngozi. Sindano ya keloidi ya mapema inasaidia kuliko ya baadaye.

Chai ya Rangi
Sasa picha ya kisogo angalau si utapiga? Tuleteeni.