Betri ya Olympus OM-1: niweke nini badala ya PX625?

Mpigapicha: Wakuu, baba mdogo kaniachia kamera yake ya filamu, OM-1. Shata inafyatuka safi kasi zote, ila sindano ya kupima mwanga imelala tu. Betri yake ni PX625 ya zebaki, volti 1.35, haitengenezwi tena. Nikiweka alkalini ya volti 1.5, picha zitaharibika?

Fundi_Lenzi: Kamera haitaungua, ila kipimo kitaona mwanga mwingi kuliko uliopo, na picha zitatoka na giza. Mbaya zaidi, alkalini hushuka volti kadiri inavyotumika, hivyo hata kosa lenyewe halitulii. Mimi natumia betri ya kifaa cha kusikia, namba 675: zinki na hewa, karibu volti 1.4. Ni nyembamba, ivishe pete ya mpira ikae katikati. Ukibandua kibandiko, subiri dakika chache hewa iingie. Baada ya wiki kadhaa itakufa hata usipoitumia.

Mama Negativu: Mwanangu, tafuta adapta yenye dayodi (kijisehemu kinachopunguza volti), uweke betri ya SR44 ya oksidi ya fedha. Ni ghali mwanzoni lakini volti haitikisiki. Kwanza angalia chemba ya betri. Ukiona ukungu wa kijani, futa kwa pamba yenye siki kidogo.

Mpigapicha: Ukungu upo kweli, Mama! Naanza na siki, kisha 675 wakati natafuta adapta.