Kiimarisho hasi na adhabu: tunavichanganya kwenye karatasi ya wazazi

Mwalimu_Likoni
Asalaam aleikum. Tunaandika maelezo ya Kiswahili kwa wazazi wa kitengo chetu cha elimu maalum hapa Likoni. Rasimu inasema "kiimarisho hasi ni adhabu". Mfano uliotolewa: mtoto wa miaka 6 akipewa shanga za kutunga, anazirusha. Kila akirusha, anatolewa akae barazani dakika 5. Sisi sote tunaiita adhabu, lakini kurusha kumezidi. Jina lake hasa ni lipi? Na je, tukimpuuza tu?

BintiKisauni
Waaleikum salaam, Mwalimu. Futeni sentensi hiyo kabla haijafika kwa mzazi hata mmoja, kwa sababu itawafanya wasione kinachotokea.

Chanya na hasi hapa ni kujumlisha na kutoa, si wema na ubaya. Kitu kimeongezwa baada ya tabia, au kimeondolewa? Kisha tazama siku zinazofuata: tabia ikizidi, kumekuwa na kuimarisha, ikipungua, kumekuwa na adhabu. Mtoto aliyesema "maji" akapewa maji, kesho akasema tena: kiimarisho chanya. Aliyeziba masikio tuktuk ikipiga honi, kelele ikafifia, na kesho akaziba tena: kiimarisho hasi. Hakuna aliyemwadhibu hapo.

Huyo wa shanga, kazi inaondoka kila akirusha, na kurusha kunazidi. Ni kiimarisho hasi. Nia ya mwalimu haiingii kwenye hesabu.

Mzee_wa_Daftari
Nakubaliana na Binti, ila msibadilishe chochote kabla ya kuandika siku 5 za shule. Safu tatu: kitangulizi (kilichotokea kabla tu ya tabia), tabia, matokeo. Tabia iandikwe ionekane na ihesabike. Watafiti wa tabia Baer, Wolf na Risley walilisisitiza hilo mwaka 1968. "Ana ukorofi" haihesabiki. "Shanga imetoka mkononi na kuanguka nje ya meza" inahesabika, na walimu wawili wakihesabu kila mmoja peke yake watapata idadi zinazokaribiana.

Mstari mmoja wa daftari uwe hivi: *saa 3:10, ameambiwa "tunga tano", amerusha shanga 2, ametolewa nje, shanga zimekusanywa.* Mistari 20 ya namna hiyo inakuonyesha tabia inamletea nini: kutazamwa na watu, kupata kitu, kukwepa kitu, au raha ya mwili wenyewe. Mtafiti Iwata na wenzake walionyesha mwaka 1982 kwamba watoto wanaojiumiza kwa namna inayofanana wanaweza kuwa na sababu tofauti kabisa.

Ndiyo maana "mpuuze tu" ni ushauri wa hatari. Kumpuuza kunazima tabia inayolishwa na kutazamwa. Anayekwepa kazi, ukimpuuza huku shanga zimelala, umempa alichotaka.

BintiKisauni
Na kuzima peke yake, yaani kuacha tu kuipa tabia kile kinachoilisha, sipendi. Ukikata kiimarisho ghafla, tabia inaweza kupanda kwanza: atarusha zaidi, kwa nguvu zaidi, pengine arushe na kiti. Msaidizi akilegea siku ya tatu, mtoto amejifunza kwamba kuvumilia kunalipa, na tabia inayolipwa mara moja moja ni ngumu kuizima kuliko inayolipwa kila mara.

Mfundisheni njia nyingine ya kupata kilekile. Watafiti Carr na Durand waliandika juu ya hili mwaka 1985. Kadi yenye picha ya mkeka, maana yake "nipumzike", ikae mezani karibu na mkono wake. Mpe shanga moja. Kabla hajarusha, mwongoze mkono aguse kadi, papo hapo apate dakika 1 ya mapumziko. Kila mara, bila kukosa. Punguza msaada: kutoka kumwongoza mkono, hadi kumgusa kiwiko, hadi kuinyooshea kadi kidole. Akiitumia mwenyewe bila shida, ndipo shanga ziwe 2 kabla ya mapumziko, halafu 4.

Kosa la kawaida ni kumpa kadi *baada* ya kurusha. Anaunganisha: rusha, gusa kadi, pumzika. Akirusha, kazi ibaki mezani, ngoja atulie kidogo, rudi kwenye shanga moja.

Mzee_wa_Daftari
Nyongeza mbili. Akipewa kipande cha mahamri kwa kila shanga, msimpe mara tu baada ya chai ya saa nne; ameshiba, hakina nguvu tena. Na tabia ikizuka ghafla, aangaliwe meno na masikio kwanza. Anayejipiga kichwa, tabia yake isizimwe na mtu yeyote bila mtaalamu kusimamia.

Mwalimu_Likoni
Ahsanteni sana. Nimeandika upya: "Kiimarisho hasi: kitu kinachomkera mtoto kinaondoka mara tu anapofanya jambo fulani, naye hulirudia jambo hilo zaidi." Imekaa?

BintiKisauni
Imekaa. Weka mfano wa masikio na tuktuk chini yake, na kadi ya mkeka ichorwe ukurasa huohuo ili nyumbani watumie picha ileile.