Mraibu wa dawa za kulevya: afungwe au atibiwe?

Suala hili likizuka, hoja inayoshangiliwa zaidi ni "Wafungwe, jela itawanyoosha." Hasira iliyo nyuma yake naielewa. Mama aliyeibiwa na mwanawe hadi masufuria hana hamu ya kuambiwa uraibu ni ugonjwa. Hata hivyo msimamo wangu ni kwamba mtumiaji atibiwe.

Mchukulie mtumiaji wa heroini. Akifungwa, siku za mwanzo arosto, yaani maumivu ya mwili kukosa dawa uliyoizoea, inamtesa: anatapika, viungo vinauma, halali. Baadaye mwili unatulia na ndugu wanaamini kapona. Kumbe kilichopungua ni uwezo wa mwili kuhimili dozi, tamaa ipo palepale. Akitoka anarudia kipimo chake cha zamani, na safari hii kinamkata pumzi. Ndiyo maana wiki mbili za kwanza baada ya gereza ni za hatari mno kwa vifo vya kuzidisha dozi. Hakuna hakimu aliyemhukumu kifo, lakini anakufa. Na dawa ipo! Methadoni hutuliza arosto na kupunguza tamaa. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Magereza mengi hayaitoi.

Wapinzani wangu hutaja Oregon, Marekani, na hapo wana hoja. Mwaka 2020 wapiga kura wa jimbo hilo waliamua kwamba kukutwa na kiasi kidogo si jinai tena. Aliyekamatwa alipewa faini ya dola 100, ambayo ingefutwa akipiga simu kufanyiwa tathmini ya afya. Wengi hawakulipa wala hawakupiga, huduma za tiba zikachelewa, na mwaka 2024 jimbo likairudisha jinai.

Ureno iliiondoa jinai hiyo mapema zaidi, 2001, na haikumwachia mraibu karatasi ya faini tu mkononi. Anayekutwa na kiasi kisichozidi matumizi ya siku 10 huitwa mbele ya jopo la watu watatu, wanazungumza naye na kumwelekeza kwenye tiba akiihitaji. Muuzaji bado anakwenda jela, na hilo naliunga mkono kabisa.

Kwa hiyo naona fedha za tiba zitangulie, sheria ya kuondoa jinai ifuate nyuma.

Sasa nawauliza mnaotaka jela: mtakubali mfungwa apewe methadoni humo humo ndani, na siku anayotoka akute kliniki inamsubiri? Kama hamkubali, mnataka atoke akiwa nani?