Ofisi ya wadi kando ya barabara ya Nairobi: mlango utazame barabara au mtaa?

MchoraRamani_Mikindani

Hamjambo wenzangu. Nina swali linaloninyima usingizi tangu wiki jana. Naomba hasa mafundi na wazee wanaoijua barabara yetu wanisaidie.

Mimi ni mchora ramani za nyumba. Nimepewa kazi ya kuchora ofisi ya wadi (eneo dogo la utawala ndani ya kaunti), ghorofa mbili, kwenye kiwanja kilicho baada ya Mikindani kabla hujafika Miritini, mkono wa kulia ukitoka Mombasa mjini. Mbele ni barabara kuu na malori yake ya makontena. Nyuma ni mtaa: kioski cha maji, madrasa, kinyozi, kisha nyumba za mabati zinazoteremka hadi kwenye mikoko ya hori ya Tudor.

Wenye kazi wanataka jengo la kisasa: vioo vya buluu upande wa barabara kutoka chini hadi juu, maegesho mbele, ukuta na geti. Nimelichora hivyo hivyo na kwenye kompyuta linapendeza. Lakini kila nikitaka kulituma, mkono unakataa.

Sababu ni mama yangu. Anauza mahamri na viazi karai. Alipokwenda kutafuta leseni kwenye ofisi fulani, alisimama nje ya geti tangu saa moja asubuhi hadi saa saba mchana. Ndani mlikuwa na ukumbi wenye kiyoyozi na viti vinane vitupu. Alivihesabu kupitia kioo. Aliporudi nyumbani hakulalamikia leseni wala jua. Alilalamikia vile viti vinane.

Halafu kuna barabara yenyewe. Njia hii haikuanza na lami. Misafara ilitoka kisiwani, ikavuka Makupa, ikapanda kuelekea Rabai na kuingia nyika ya Taru. Reli nayo ilianzia Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901. Reli mpya ya SGR ikaja 2017, stesheni ikawekwa papa hapa Miritini. Lakini waliotangulia wote hao ni watu waliopita kwa miguu, mzigo kichwani. Nataka jengo lionyeshe kwamba linalijua hilo, na sitaki kubandika picha ya mpagazi ukutani nikasema nimemaliza.

Mngekuwa nyinyi, mlango mngeuweka wapi?

FundiMwashi_Jomvu

Dada, kabla ya mlango anza na jua. Kama kiwanja kiko mkono wa kulia, upande wa barabara unatazama kusini-magharibi. Jua la alasiri lote litaangukia hicho kioo chako. Nimewahi kupiga lipu jengo la namna hiyo. Mwaka haukuisha, makarani walikuwa wamebandika magazeti kwenye vioo ili waweze kuona kompyuta zao. Na stima ikipotea hakuna dirisha la kufungua.

Upande huo jenga ukuta wa mawe ya matumbawe, madirisha madogo yenye kivuli juu, na varanda ya futi nane. Upepo wa kusi utakujia kutoka kusini-mashariki. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, itatoka kaskazini-mashariki, yaani mgongoni kwako, upande wa mtaa. Acha jengo lipumue pande hizo mbili.

Jambo jingine, na hili usilichukulie hivi hivi: pima kutoka kwenye jiwe la mpaka, usipime kutoka ukingo wa lami. Barabara ilipopanuliwa tuliona alama za X, za kubomolewa, kwenye kuta za watu. Banda langu la vifaa lilikuwa mojawapo. Nilikuwa nimepima kwa macho. Hayo maegesho uliyoyaweka mbele huenda ardhi yake si yenu.

Abu_Salma

Kuhusu kioo nakubaliana na fundi, ila mimi ningeutazamisha mlango barabarani. Mtu akitoka bara na basi la usiku, alfajiri inamkuta maeneo hayo. Anaona nini? Magodauni, yadi za makontena na mabango. Mpaka avuke daraja la Makupa, afike mjini kwenye yale mapembe makubwa ya ndovu ya Moi Avenue, ndipo aone kitu kinachomwambia yuko Mombasa. Sisi wa Changamwe na Jomvu tunapitwa tu kama ua wa nyuma wa kisiwa. Kaunti zilipoanza 2013 tuliambiwa serikali itasogea hadi mlangoni kwetu. Basi na ionekane. Mkiificha nyuma, nani atajua iko?

KaraniMstaafu

Mwanangu, nimesoma habari ya mama yako mara mbili. Mpe salamu zangu.

Nilikuwa karani mjini miaka mingi, karibu na Treasury Square. Majengo yale ya zamani yalijengwa na wakoloni na hayakujengwa kwa ajili yetu, lakini yana kuta nene na varanda, na aliyekuja na shida yake alingoja kivulini. Zamani ofisi tukiita Baraza la Mji. Na kwetu Kuze, Mji wa Kale, baraza ni kile kikalio cha mawe kilicho nje ya mlango, ambapo mgeni hukaa akapewa kahawa kabla hajakaribishwa ndani. Ni neno lile lile. Anayechora ofisi ya watu bila baraza amechora nusu.

Wewe weka baraza ndefu ya mawe, yenye paa, upande wanakotoka watu. Usiifanye ya chini sana, magoti ya wazee hayainuki. Na ngazi isiwe njia pekee ya kuingilia. Mwenye kiti cha magurudumu ana haki yake katika Katiba ya 2010, kifungu cha 54, asije akaambiwa azunguke jikoni.

Kuhusu wapagazi, hukuhitaji picha tangu mwanzo. Tulivyosimuliwa sisi, Mwembe Tayari ilipata jina kwa mti ambao misafara ilikusanyika chini yake kabla ya kuondoka. Leo pale pana sanamu ya askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini kinachotamkwa na makanga kila siku ni mwembe. Hapo kiwanjani kwako pana mti?

MchoraRamani_Mikindani

Bibi, swali lako limenipata. Pana mkwaju, pembeni nyuma, upande wa madrasa. Kwenye mchoro wangu nilikuwa nimeukata ili niweke jenereta.

Nimekesha nikichora upya. Jenereta nimeihamishia upande wa barabara, kelele ikutane na kelele za malori. Mkwaju umebaki, na baraza inaanzia hapo, mita kumi na nane, inafuata ukuta mpaka dirisha la leseni, kwa hiyo anayengoja anamwona karani na karani anamwona. Vioo vya buluu nimeviondoa vyote. Najua Jumanne nitaulizwa usasa uko wapi, na nitawaonyesha upepo unaingilia wapi na kutokea wapi.

Abu Salma, hoja yako sikuitupa. Wapo wanaoshuka matatu hapo mbele, nao wasizungushwe. Nimetoboa njia pana katikati ya jengo, haina mlango mchana, kutoka steji moja kwa moja hadi kwenye mkwaju. Anayepita na basi ataona mtaa kupitia ndani ya ofisi. Jina la wadi litaandikwa juu ya njia hiyo, herufi kubwa, kwa chokaa nyeupe.

FundiMwashi_Jomvu

Hiyo njia iteremshe kidogo kuelekea barabarani na uweke mfereji, la sivyo masika maji ya barabarani yatapitia humo humo hadi kwa kinyozi.

MchoraRamani_Mikindani

Ahsante, nimeandika. Sijui bado upana wake unatosha. Jumatatu saa moja asubuhi nitakuwa pale steji na daftari nihesabu wangapi wanatoka barabarani na wangapi wanapanda kutoka mtaani. Fundi, ukiwa karibu njoo na tepu tulitafute jiwe la mpaka. Mama ameahidi mahamri.