Ushauri: meneja mradi wa nyaraka za kielektroniki, au kijana wetu wa IT anatosha?

Wakili_Sekei: Habari wanajukwaa. Mteja wetu ni kampuni ya utalii hapa Arusha, ana mgogoro na mbia wake wa nje. Tunatakiwa kukabidhi barua pepe na nyaraka zote zinazohusu mkataba. Tumwachie kijana wetu wa IT, tuchukue kwa muda meneja mradi wa kusimamia ukusanyaji na uchujaji wa nyaraka, au kazi yote iende kwa kampuni ya Nairobi inayofanya kazi hizi?

Karani_Mstaafu: Mkuu, hujasema shauri liko wapi, watu wangapi wanahusika, wala mwisho lini. Tushauri nini?

Wakili_Sekei: Samahani. Ni usuluhishi, London. Watu 9, pamoja na simu 4. Zimebaki wiki 6.

MamaKahawa_Moshi: Chukua meneja mradi. Nilikuwa upande wa mteja, kampuni ya kahawa. Kijana wetu aliambiwa "kusanya kila kitu", akashinda siku tatu anahamisha mafaili kwenye diski moja. Nilipoifungua, mikataba ya 2017, 2018 na 2019 yote ilionyesha imeundwa Jumanne ile ile aliyoihamisha, saa tano asubuhi. Upande wa pili wakauliza tumeitengeneza lini. Tukarudi kwenye kompyuta zenyewe, tukakuta moja imeshafutwa na kupewa mhasibu mpya, maana hakuna aliyetangaza kwamba kufuta ni marufuku. Kilichoniuma zaidi ni barua ya wakili wetu inayoeleza udhaifu wa kesi yetu. Nayo ilikabidhiwa kwa upande wa pili! IT alidhani mawakili watachuja, mawakili walidhani IT ameshachuja.

Fundi_wa_Seva: Shikamoo mama. Kijana asibebeshwe lawama. Zipo programu za kunakili bila kugusa tarehe, angenunuliwa.

MamaKahawa_Moshi: Marahaba mwanangu. Simlaumu hata kidogo. Alikosa mtu wa kumwambia aanzie wapi.

Njiro_Mapitio: Nimefanya mapitio ya nyaraka miaka kadhaa. Meneja mzuri huanza kwa kuhoji watu kabla hajagusa kompyuta: nani aliandikiana na nani, kwa simu ipi. Anafungua rejesta ya makabidhiano, yaani nani alishika kifaa gani na lini, anaondoa nakala zinazojirudia, kisha anajaribu maneno ya utafutaji. Ukiweka "Meru" utaletewa kila safari ya mlima. Halafu anachota sampuli ya zile zilizoachwa, aone kama kuna kitu kimepita. Na lugha! Mtu kaandika "nimempa chai yule ofisa". Msomaji wa London ataona kinywaji.

Karani_Mstaafu: Tusisahau Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, kinachohusu kupokelewa kwa ushahidi wa kielektroniki. Picha za skrini za WhatsApp mtu anazileta tu, bila kuonyesha zilivyotunzwa.

Fundi_wa_Seva: Hiyo ni ya mahakama zetu, mzee wangu. Shauri liko London.

Karani_Mstaafu: Data iko Arusha. Na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ina masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Nairobi ni nje.

Wakili_Sekei: Hilo la Nairobi sikuliwaza. Je, meneja mradi anaweza kukaa hapa hapa, kampuni ikaleta mashine ofisini kwetu?

Njiro_Mapitio: Inawezekana, mimi nimeiona ikifanyika. Gharama yake ndiyo uiulize mapema.

Fundi_wa_Seva: Na zile simu 4 ziko mkononi mwako?

Wakili_Sekei: Tatu. Ya nne anayo muongoza watalii, yuko Kilimanjaro na wageni, anashuka Ijumaa.

MamaKahawa_Moshi: Mtafute leo, mwambie asifute hata ujumbe mmoja.