Mjadala: Terminator ya tatu iingie Jumamosi, au tuishie ya pili?

Mratibu, Pasua
Wakuu, heshima kwenu. Jumamosi hapa Moshi tunaonyesha filamu za Terminator, zile za roboti wauaji kutoka siku zijazo, ukumbini kuanzia saa 8 mchana. Ya kwanza (1984) ina dakika 107, ya pili (1991) dakika 137, ya tatu (2003) dakika 109. Zote tatu ni saa 5 na dakika 53 bila mapumziko, na tukiweka mapumziko mawili ya dakika 20 tunatoka saa 2 na nusu usiku. Kamati imegawanyika. Wapo wanaosema ya tatu haina hadhi ya kukaa na wakubwa zake, wapo wanaosema kuikata ni kuionea. Za 2009, 2015 na 2019 zisiguswe, huko tutakesha. Ya tatu imefika au haijafika? Leteni hoja.

Kijana wa Sakina
Haijafika, na msinianzishie habari za Arnold kuzeeka. Ubovu uko kwa adui.

Kwenye ya pili, T-1000, roboti wa chuma cha majimaji, kapewa mipaka, tena mipaka yenyewe tunaambiwa mapema, Arnold, roboti mlinzi, anapomweleza John, mtoto anayewindwa. Anaweza kuiga mtu au kitu chenye ukubwa unaolingana naye akishakigusa. Hawezi kujigeuza bunduki wala bomu, kwa sababu hivyo vina kemikali na vipande vinavyocheza. Visu na vitu vya kuchoma anaweza. Sasa angalieni picha nzima inavyokaa juu ya hiyo sheria: lazima atafute gari, lazima atafute bastola, lazima akufikie karibu. Ndiyo maana Robert Patrick, anayeigiza T-1000, akianza kukimbia, mdomo umefungwa na hahemi, ukumbi mzima unapiga hesabu za hatua zilizobaki.

Halafu njoo kwa T-X, roboti wa kike, adui wa ya tatu. Mifupa ya chuma, ngozi ya majimaji, mkononi kanuni, msumeno na mtambo wa kurusha moto, na juu ya hayo anaendesha magari ya watu akiwa mbali. Mwenye kila kitu utamwogopa kwa lipi? Na kama kanuni anayo, mbona kule chooni anapigana ngumi na kuvunja masinki?

Dada Mhariri, Ngarenaro
Kijana, hilo la chooni umeteleza. Kanuni iliharibiwa makaburini, Arnold alipompiga na roketi. Baada ya pale anatumia moto, halafu mikono. Mpaka upo, ila picha haikuutangaza, imekuonyesha mara moja ikaendelea na safari. Kama kosa lipo, ni hilo la kutotangaza.

Mimi nazungumzia ukataji wa picha, ndio ninaoujua. Mbio za mfereji kwenye ya pili zina vitu vitatu tu: John kwenye pikipiki ndogo, bredauni nyuma yake, Arnold na pikipiki ya Harley pembeni juu ya ukuta. Kuta za zege kulia na kushoto, hakuna pa kuchepukia. Daraja la chini linafyeka paa la bredauni, dereva anabaki hadharani. Hata ukitoka kununua karanga ukarudi, unajua nani yuko wapi.

Mbio za winchi kwenye ya tatu zina vitu zaidi ya vitano: gari la zahanati ya mifugo ambalo John anaendesha na Kate kafungiwa nyuma, winchi yenyewe, magari ya polisi yasiyo na dereva, Arnold na pikipiki, halafu ndoano, jengo la vioo, gari la zimamoto. Kwa hesabu ilipaswa kuwa vurugu. Haikuwa, kwa sababu mkono wa winchi umetolewa ubavuni, unakwangua nguzo na magari ya upande mmoja. Ule mkono ndio rula: macho yanapima nao umbali na upana wa barabara. Na inavyomalizika ndipo ninapoivulia kofia. Arnold anachukua ndoano ya winchi na kuitumbukiza kwenye shimo la majitaka barabarani. Waya unakaza, winchi inainuka nyuma na kupinduka. Uzito wake ndio ulioimaliza, hakuna risasi hapo. Jonathan Mostow, mwongozaji wa ya tatu, hakuazima hilo kwa James Cameron, mwongozaji wa mbili za kwanza. Kwa zile dakika, ya tatu imesimama bega kwa bega na ya pili.

Baada ya hapo hairudii tena kiwango kile. Hilo nalikubali.

Mangi Mdogo, Majengo
Dada, tofauti ni kwamba ya pili walifanya kwa mikono. Helikopta ile ilipita chini ya daraja kwelikweli.

Dada Mhariri, Ngarenaro
Ilipita, ndiyo. Lakini watu wanaisifu ya pili kwa kompyuta wakati picha za kompyuta za T-1000 hazizidi kama dakika 5 kwenye saa mbili na zaidi. Kilichobaki ni karakana ya Stan Winston, fundi wa vinyago na maroboti ya filamu. Yale majeraha ya risasi yanayofunguka kama ua la fedha ni vipande vya mpira vilivyopakwa rangi ya kung'aa, vimekunjwa chini ya nguo na springi, wakifyatua, vinachanua. Mlinzi wa hospitali anayekutana na sura yake mwenyewe kwenye mashine ya kahawa? Ni mapacha, Don na Dan Stanton. Linda Hamilton, anayeigiza Sarah, mama wa John, naye alikuwa na pacha wake, wakamtumia.

Ndiyo maana T-1000 hachoshi hadi leo. Kila hila wameitumia mara moja mbili, wakahamia nyingine kabla jicho halijaizoea. Ya tatu ilipata kompyuta yenye nguvu zaidi ikaitegemea zaidi, na T-X akijibadilisha unaona programu ikifanya kazi.

Meku wa Kiborloni
Marahaba wote mlioniamkia kwa simu. Mnapima winchi na bredauni, lakini kinachobishaniwa ni hadithi. Na kwa hadithi, ya tatu ni mtoto halali wa ya kwanza. Aliyepotoka njia ni wa pili.

Rudini 1984. Mashine inatumwa kutoka 2029 kumuua Sarah asimzae John. Kwa kutumwa huko, askari Kyle Reese naye anatumwa kumlinda, na Reese ndiye baba wa John. Kwa maana hiyo mashine, kwa kumwinda, imemzalisha. Mwishoni Sarah anapigwa picha kituo cha mafuta, na picha hiyo ndiyo aliyokuja nayo Reese kichwani kutoka vitani. Duara limefunga. Ile ni filamu ya jambo lisilokwepeka, na hofu yake yote imetoka hapo.

Ya pili inakuja kuvunja duara. Wanaharibu maabara, wanayeyusha chipu na mkono, Siku ya Hukumu ya tarehe 29 Agosti 1997, ambayo Skynet, kompyuta ya kijeshi, ingeanzisha vita vya nyuklia, inaonekana kuepukwa. Tamu sana. Lakini hata Cameron hakuthubutu kufunga mlango. Alipiga mwisho wa Sarah mzee kwenye bustani, amani tupu, akaukata. Alichotuachia ni barabara ya usiku na taa za gari.

Ya tatu ikafuata barabara hiyo mpaka mwisho. Dakika zote 109 wanakimbilia kuzima Skynet. Wanafika Crystal Peak, kumbe ni handaki tu lenye kompyuta za miaka 30 nyuma. Skynet haina makao, iko kwenye mtandao mzima, hakuna pa kupiga. Arnold alilijua hilo, kazi yake ilikuwa kuwafikisha salama. Makombora yanaruka na stelingi hajazuia hata moja. Nitajieni picha nyingine ya fedha nyingi namna ile, ya kiangazi cha Marekani, iliyomaliza hivyo mwaka 2003. Mwisho wa ya tatu unaipita ya pili, na ninasema nikiwa na akili zangu timamu.

Kijana wa Sakina
Shikamoo Meku. Mwisho nakupa. Ila mwisho ni dakika kumi, na kuufikia tunapitishwa kwenye miwani ya nyota, Arnold akisema misemo ya vijana dukani, na T-X akijivimbisha kifua mbele ya trafiki. Ya pili ina utani pia, lakini mtaniaji ni mtoto anayefundisha mashine, na utani ule unalipwa mwishoni machozi yanapotoka. Kwenye ya tatu mtu wa utani ni Arnold, na ukishamcheka hawezi kukutisha tena.

Na uzembe mwingine: John wa ya tatu anasema alikuwa na miaka 13 T-1000 ilipomjia. Kompyuta ya polisi kwenye ya pili inaonyesha miaka 10. Mtu aliyeandika mwendelezo bila kurudia kuangalia ya nyuma, mimi simpi nafasi ya kukaa nayo.

Meku wa Kiborloni
Hilo la umri ni kweli, na ni aibu. Haligusi hoja yangu.

Fundi Projekta, Soweto
Wakati mnabishana, mratibu asije akaharibu zote tatu kwa mitambo. Ya kwanza ina uwiano wa upana kwa kimo wa 1.85, ya pili na ya tatu 2.39. Kwenye kitambaa cha 16:9 chenye upana wa mita 3, ya kwanza inapata kimo cha mita 1.62, hizo mbili mita 1.26 tu. Kwa hizo mbili itabaki mistari myeusi ya sentimita 21 hivi juu na chini. Kuna mtu lazima atapiga kelele "mbona haijai", na kijana wa rimoti atavuta picha ijae. Asivute, Arnold atakuwa mrefu kama mnazi. Sogezeni viti vya nyuma mbele, inatosha.

Sauti: ya kwanza ilitoka sinema ikiwa mono, yaani sauti ya njia moja. Nakala nyingi zimebadilishwa kuwa za spika nyingi na milio ya bunduki ikabadilishwa pia. Ikipatikana yenye mono, tumieni, na sabufa ipunguzwe, maana kwenye ya tatu mtaipandisha tena kwa ajili ya winchi. Ya pili msichukue ile iliyosafishwa 2017, imefutwa chembechembe za asili za filamu hadi nyuso zimekuwa kama nta. Na hakikisheni ni ya dakika 137. Kuna ndefu ya 153, mkiichanganya ratiba yote inasogea.

Mangi Mdogo, Majengo
Pendekezo: ya pili kila mtu kaiona. Onyesheni ya kwanza na ya tatu, saa 3 na dakika 36, tupime hoja ya Meku mubashara.

Mratibu, Pasua
Mangi, nikiondoa ya pili watanichomea ukumbi. Nafunga kura Ijumaa saa 12 jioni, hadi sasa "iingie" inaongoza kidogo. Fundi, nakala nitakuletea uikague. Swali limebaki moja: DJ wa kutafsiri awepo kwenye zote?

Meku wa Kiborloni
Awepo, ila handakini Crystal Peak anyamaze. Pale redio inauliza nani anaongoza na John anajibu. DJ akipiga porojo juu ya hilo jibu, nusu ya hoja yangu imekufa.

Kijana wa Sakina
DJ kunyamaza dakika kumi? Meku, huyo mtamlipa zaidi.