Majirani wa Mtoni (HAKUNA MATANGAZO YA BIASHARA)

JUMANNE

06:12 Mama Neema: Habari za asubuhi majirani. Nakumbusha tena. JUMAMOSI saa 2 asubuhi, mafunzo ya kupima maji ya mto, pale kwenye kivuko. Wanatakiwa watu 12. Hadi sasa tuko watatu. Kikundi kina watu 87.

06:13 Mama Neema: Jina uandike hapa hapa, usinifuate pembeni.
1. Mama Neema
2. Asha
3. Mwalimu
4.

07:40 Juma Boda: ⏩ *Imesambazwa mara nyingi* UKIPATA DUA HII ITUME KWA WATU 10 KABLA YA ADHUHURI…

07:41 Mama Neema: Juma.

07:52 Juma Boda: Samahani mama, kidole

09:55 Side Kuosha Magari: Posho ipo?

09:56 Mama Neema: Posho hakuna. Chai na maandazi vipo, natoa mimi.

09:58 Side Kuosha Magari: Maandazi ya nani

09:58 Mama Neema: Ya Mama Kulwa.

09:59 Side Kuosha Magari: 4. Side (maandazi)

10:03 Mwalimu: 😂😂

13:20 Mama Neema: Tangu saa nne hakuna jina jipya. Ujumbe umesomwa na watu 59, naona.

JUMATANO

06:05 Mama Neema: Asha waeleze wenzako maana wanadhani tunakwenda kuchota maji na ndoo.

12:31 Asha wa Mama Kulwa: Shikamooni wakubwa. Nilikuwa kipindi. Ni hivi, tutatumia njia inaitwa miniSASS, ilianzia Afrika Kusini. Hatupimi maji yenyewe, tunaangalia wadudu wanaoishi chini ya mawe. Sabuni ikimwagwa saa tatu, saa tano imeshapita iko Mafisa huko. Ukija na kichupa chako mchana unakuta maji meupe. Lakini mdudu amekaa pale miezi, kila kilichopita kimempitia yeye.

12:33 Asha wa Mama Kulwa: Unasimama mtoni, wavu unauweka upande maji yanakoelekea, unachokoza mawe kwa mguu dakika 5. Unamwaga kwenye beseni JEUPE (la bluu hapana, hutaona kitu). Halafu unatambua. Makundi ni 13 tu, na kila kundi lina alama zake. Nyungunyungu 2, ruba 2, konokono 4, kaa 6, kerengende mchanga 6. Wapo wengine hatuna jina lao, kuna mwenye mikia miwili anakaa kwenye maji ya kasi, huyo ana 17, uchafu kidogo tu anakufa. Unajumlisha alama, unagawa kwa idadi ya makundi uliyoyapata.

12:40 Juma Boda: Kwa hiyo tunamhesabia ruba kura

12:41 Side Kuosha Magari: Ruba ana 2 lakini ameshika nyama hachomoki 😂

12:41 Juma Boda: Kama mjumbe fulani

12:42 Mama Neema: Ninyi wawili.

12:50 Asha wa Mama Kulwa: 📷 *Picha*
Hilo ni beseni letu la majaribio wiki iliyopita, juu kule kabla ya nyumba. Huyo wa katikati aliyejibana ni wa mikia miwili. Huyo mwenye kijumba cha mchanga pembeni anakibeba popote aendapo, kajijengea mwenyewe kwa mate yake, punje kwa punje. Pale tulipata makundi 5, jumla 49, kwa hiyo 9.8. Chini ya kivuko tukapata ruba, nyungunyungu, konokono na kerengende, jumla 14 gawa kwa 4 ni 3.5.

13:02 Mwalimu: Kutoka 9.8 mpaka 3.5 ni umbali gani?

13:04 Asha wa Mama Kulwa: Haufiki kilomita mbili mwalimu.

13:30 Mama Kulwa: Asha mwanangu hizo picha usizipeleke kwenye makundi mengine

13:31 Mama Kulwa: Mimi mchicha wangu nauza sokoni kila siku. Watu wakisikia maji yana alama tatu nani atanunua

13:34 Asha wa Mama Kulwa: Mama tutaongea nyumbani

13:35 Mama Kulwa: Tutaongea ndiyo. Ada yako inatoka kwenye huo mchicha

14:10 Mama Neema: Mama Kulwa nakuelewa mdogo wangu. Ila ukinyamaza wataugua wateja hao hao. Tukishajua ni kitu gani, tunakwenda Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, ofisi ziko hapa hapa Morogoro, tunawapa karatasi yenye namba. Kulalamika kwa mdomo tumelalamika sana.

14:11 Mama Neema: Na Jumamosi si wadudu tu. Asha atakuja na vichupa vile vya kulaza usiku kucha, vikigeuka vyeusi ni dalili kinyesi kimo.

14:12 Juma Boda: Cha mtu au cha ng'ombe

14:13 Asha wa Mama Kulwa: Kichupa hakibagui kaka Juma

14:40 Rama wa Tabata: Ndugu zangu hamjambo. Huo mto si unaingia Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu? Na sisi Dar tunakunywa Ruvu?

14:41 Mwalimu: Ndiyo bwana Rama.

14:41 Rama wa Tabata: 😳

14:43 Side Kuosha Magari: Karibu nyumbani Rama, tulikukumbuka

ALHAMISI

06:01 Mama Neema: 📷 *Picha: ramani imechorwa kwa kalamu kwenye daftari*
Vituo ni viwili. A ni juu, B ni chini. Majina bado ni matano. Kesho nafunga orodha.

06:48 Side Kuosha Magari: Samahani mama. Hicho B mbona kiko chini yangu mimi

06:50 Mama Neema: Kiko chini ya kivuko, Side.

06:51 Side Kuosha Magari: Kivuko kiko wapi na kwangu kuko wapi. Hatua 20. Mkipata 3 mtasema oili ya Side

06:52 Side Kuosha Magari: Juu yangu kuna mabanda ya nguruwe, kuna vyoo, kuna gereji ya yule mchomeleaji. Wekeni B juu yangu

06:55 Asha wa Mama Kulwa: Kaka Side ukitaka kujisafisha ndiyo uombe viwe vitatu. Kimoja juu yako, kimoja chini yako. Namba zikilingana, wewe huna kosa.

06:57 Side Kuosha Magari: Na zisipolingana?

07:15 Juma Boda: Hapo maandazi yamekuwa machungu

07:16 Side Kuosha Magari: Futa jina langu no. 4

07:20 Mama Neema: Sifuti.

08:33 Baba Rehema: Nimekuwa kimya kwenye hiki kikundi muda mrefu. Naomba kuuliza swali moja. Hela za kivuko ziko wapi.

08:34 Mama Neema: Baba Rehema hilo si la leo.

08:36 Baba Rehema: Siku zote si la leo. Tulichanga elfu kumi kumi, kivuko kimejengwa kwa mirunda. Hatukusomewa hesabu. Leo tunaambiwa tupimane.

08:38 Baba Rehema: Na nyote mnajua nasema nini. Masika ile alipoonekana mtu anatapisha choo jina lilikuwa moja tu mtaa mzima. Nililetewa watu mpaka mlangoni. Faini nililipa peke yangu. Binti yangu shuleni alipewa jina hata sitaki kuliandika hapa. Sasa mnataka kichupa cheusi ili mje tena kwangu.

08:39 *Ujumbe huu umefutwa*

08:40 Baba Rehema: Nimeusoma Juma. Nimeusoma kabla hujaufuta.

08:44 Juma Boda: Nilikuwa natania baba, nisamehe

09:10 Mama Neema: Hakuna anayekuja kwa mtu. Ninyi sheria mnaijua, ya mazingira ya mwaka 2004, mita 60 kutoka mtoni usijenge usifanye shughuli ya kudumu. Wangeifuata kwa rula nani angebaki hapa? Mimi mwenyewe jiko langu halifiki. Kwa hiyo tusitishane.

09:12 Baba Rehema: Hela za kivuko.

09:12 Mama Neema: Daftari lilikuwa kwa marehemu mhasibu, Mungu amrehemu, na hilo unalijua.

09:30 Mwalimu: Jamani, turudi kwenye mafunzo.

11:17 Rama wa Tabata: Mimi natuma 20,000 ya maandazi, namba ni ile ile ya Mama Neema?

11:18 Side Kuosha Magari: Tuma na hesabu yake isomwe 😏

16:02 Mjukuu wa Babu Sadi: Shikamooni. Babu amesomewa yote. Kasema niandike anavyosema, nisiongeze wala nisipunguze.

16:09 Mjukuu wa Babu Sadi: "Mama Neema mwanangu, nimekusikia. Baba Rehema, nawe nimekusikia. Usiku ule wa mvua kubwa hakutapisha Baba Rehema peke yake. Na mimi nilifungua changu. Yeye mlimwona kwa sababu alikuwa na tochi. Mimi sikuwa na tochi. Mlipokwenda kwake nilikuwa nimekaa barazani, mkanipita, mkaniamkia, nikaitikia. Mtoto wa mwanangu aliharisha wiki ile na nilijua.

Leo asubuhi nimetembea toka chooni kwangu hadi majini. Ni hatua 31, na mguu wangu siku hizi ni mfupi. Kituo cha kwanza kiwe nyuma ya nyumba yangu. Halafu ndiyo mwende kwa Side na kwa wengine. Nilipokuwa kijana ukiinua jiwe lolote hapo unamkuta kaa. Nataka nijue kama bado yupo. Msinijie kunipa pole wala kunisuta, nimeshasema."

16:10 Mjukuu wa Babu Sadi: Ameniambia nizime simu.

18:25 Baba Rehema: Shikamoo babu.

18:26 Mama Kulwa: Shikamoo baba

18:26 Juma Boda: Shikamoo babu

18:31 Mwalimu: Shikamoo mzee wetu.

21:48 Side Kuosha Magari: Marahaba hatujaipata bado ila shikamoo babu

IJUMAA

05:50 Mama Neema: Vituo vitatu. A juu. B nyuma ya kwa babu. C…

05:50 Mama Neema: C tutaamulia pale pale.

05:52 Mama Neema: Wanaokuja:
1. Mama Neema
2. Asha
3. Mwalimu
4. Side (?)
5. Mjukuu wa Babu Sadi
6. Fundi Pili
7.

06:30 Asha wa Mama Kulwa: Atakayeingia majini avae gambuti, naomba tusibishane. Konokono tumewaona na kichocho hakisubiri uyanywe maji, kinapenya kwenye ngozi. Nina jozi 2 tu za kuazima chuoni.

06:41 Asha wa Mama Kulwa: Na wavu wa pili bado. Ni ringi ya waya na neti yenye matundu madogo, kama milimita 1.

06:44 Juma Boda: Chandarua cha bure cha zahanati kinafaa?

06:45 Mwalimu: Chandarua kilale kitandani, Juma. Fundi Pili ana neti ya dirisha.

06:58 Fundi Pili: Ninayo kipande. Waya sina

07:30 Mama Kulwa: Maandazi 60 nakaanga. Lakini picha za mto sitaki zitoke nje ya hiki kikundi mpaka tukubaliane

07:31 Mama Neema: Tutakubaliana Jumamosi.

07:31 Mama Kulwa: Tukubaliane kabla

07:45 Rama wa Tabata: Nimetuma. Imeandika jina la Neema, ndiyo hiyo?

07:46 Mama Neema: Ndiyo. Imefika 20,000. Naandika hapa ili wote waone: 20,000 kutoka kwa Rama. Unga na mafuta 14,500. Sukari na majani 4,000. Imebaki 1,500.

07:49 Baba Rehema: Asante kwa kuandika.

09:03 Mama Neema: Baba Rehema nikuandike namba 7?

12:15 Mama Neema: Baba Rehema?

15:37 Juma Boda: Kesho ni saa mbili ya kweli au saa mbili ya kwetu

15:38 Mama Neema: YA KWELI.

17:20 Side Kuosha Magari: Waya ninao, nitaukunja uwe ringi leo usiku. Lakini hiyo C bado hatujaongea

17:22 Mama Neema: Tutaongea.

17:22 Side Kuosha Magari: Hatua 20 juu yangu

17:24 Asha wa Mama Kulwa: Juu NA chini kaka Side

17:25 Side Kuosha Magari: *🎤 Ujumbe wa sauti 1:52*

17:31 Mwalimu: Side nimesikiliza yote. Hapo mwisho umezima injini ya pampu au ndiyo umemaliza hoja?

22:54 Baba Rehema: Gambuti ninazo, namba 43. Ya kushoto imetoboka kisigino.